Kilo 940 za plastiki na drili tatu hazionekani, bosi anataka kukata mishahara ya watu wa stoo. Zinapotelea wapi?

#1 Leja_ya_Vingunguti
Wakuu habari za kazi.
Niko stoo, kiwanda cha plastiki hapa Dar. Tunatengeneza ndoo, mabeseni na viti. Stoo tuko watatu, shifti mbili. Juzi tumefunga hesabu ya Julai, ikatoka hivi:

Malighafi iliyotoka stoo kwenda mashineni: mifuko 1,536 ya kilo 25, yaani kilo 38,400.
Bidhaa zilizoingia ghalani: kilo 36,150.
Mabovu yaliyopimwa na kupelekwa kusagwa upya: kilo 1,310.

Ukitoa, kilo 940 hazina maelezo. Ni karibu mifuko 38. Juu ya hapo kuna drili 3, spana za torki 2 na paleti 64 (zile fremu za mbao za kupangia mizigo): kwenye leja zipo, sakafuni hazipo.

Bosi ametuita wote watatu, akasema thamani igawanywe kwa tatu na ikatwe mshahara wa Agosti. Mimi sijachukua hata msumari, na kila mfuko uliotoka una sahihi ya supavaiza wa mashine. Mwenzetu mmoja ana mtoto mchanga, juzi alilia mbele yetu. Naomba wenye uzoefu mniambie vitu hivi vinapotelea wapi, na nyie huko mnafuatiliaje vifaa na malighafi?

#2 Spana17
Usiku. Usitafute mbali. Nilifanya kazi kiwanda kimoja miaka minne, malighafi ilikuwa inatoka ndani ya pipa la taka, juu wametandika matambara ya kufutia mashine. Mlinzi alikuwa anakagua mifuko ya watu, pipa halimhusu. Wekeni kamera geti la taka muone.

#3 MamaNelly
Pole sana kaka. Usisaini karatasi yoyote ya kukubali deni kwanza. Wanaojua sheria watakuja.

#4 Mchambuzi_Huru
Mbona rahisi. Plastiki ikikaa stoo inavuta unyevu, hasa Dar. Ikiingia kwenye joto la mashine maji yanaruka kama mvuke. 940 kwa 38,400 ni kama asilimia 2.4. Huo ni unyevu tu, hakuna mwizi.

#5 FundiMoldi
Mkuu namba 4, hapana. Ndoo na viti ni polipropilini, na polipropilini haishiki maji. Unaweza kuiloweka, ukaifuta, ukaipima, uzito ni uleule. Zinazovuta maji ni nailoni na PET ya chupa, ndiyo maana PET inakaushwa saa kadhaa kwenye nyuzi 160 hivi kabla ya kuingia mashineni. Akienda na hoja ya unyevu mbele ya bosi anayejua kazi, ataonekana anadanganya.

Mleta uzi, nijibu swali moja kabla hatujaendelea: hizo kilo 36,150 za bidhaa mlizipima, au mlihesabu vipande mkazidisha?

#6 Leja_ya_Vingunguti
Tunahesabu vipande tunazidisha na uzito wa kwenye kadi. Ndoo ya lita 20 kadi inasema gramu 820. Julai zilitoka ndoo 22,000, hiyo peke yake ni kilo 18,040. Zilizobaki ni mabeseni na viti.

#7 FundiMoldi
Basi hujui bidhaa zako zina kilo ngapi. Unajua kadi inasema nini.

Kadi huandikwa siku moldi, yaani umbo la chuma linalofinyanga ndoo, inapoingia ikiwa mpya. Baada ya miaka moldi inachakaa, mdomo unaachia. Na opereta akiona ndoo inatoka na mashimo au ukingo haukujaa, anaongeza shinikizo la kujazia. Ndoo inatoka nzuri, ila nzito. Hakuna anayeandika mahali kwamba ameongeza. Gramu 15 mkononi huzisikii, lakini zizidishe kwa 22,000.

Tafuta mizani ya meza inayosoma gramu. Chukua ndoo 50, 25 za mchana na 25 za usiku, mashine tofauti. Usichague. Lete majibu hapa.

#8 Pamba_ya_Shinyanga
Mchambuzi asionewe sana. Amekosea plastiki tu. Sisi kwenye nyuzi za pamba unyevu ni jambo la kila siku, kipimo cha biashara kinaruhusu 8.5% ya maji juu ya uzito wa pamba kavu. Robota likipokelewa masika na kufunguliwa kiangazi, kilo zinapungua na hakuna aliyeiba. Nilimwona mtunza stoo akifukuzwa kwa sababu hiyo. Ilikuja kujulikana baadaye, mwenyewe akiwa amesharudi kijijini.

#9 Mchambuzi_Huru
Shukrani Pamba. Na FundiMoldi nimekuelewa, nimejifunza.

#10 Mzee_Karakana
Vijana, kwa upande wa drili na spana niwape habari ya zamani. Nilianza kazi karakana ya reli. Kila fundi alipewa vipande sita vya shaba, duara kama sarafu, vimegongwa namba yake. Mimi nilikuwa 114. Dirisha la vifaa lilikuwa na ubao, kila kifaa kina msumari wake na umbo lake limechorwa kwa rangi nyeusi. Ukitaka spana unatoa kipande, mtunzaji anakitundika kwenye msumari wa ile spana. Ukirudisha, unapewa kipande chako.

Saa kumi jioni mtunzaji anatazama ubao tu. Hafungui daftari. Pakiwa na shaba badala ya spana, anajua ni ya nani, na 114 hatoki getini. Ukipoteza kipande unaripoti siku hiyohiyo, maana anayekiokota anaweza kuchukua kifaa kwa jina lako. Ukiishiwa vipande sita huchukui cha saba, kwa hiyo hakuna fundi aliyelimbikiza vifaa kabatini.

Sikumbuki tukitafuta drili zaidi ya nusu saa.

#11 Code_Kariakoo
Shikamoo mzee. Heshima kwako, ila hiyo ni enzi ya mkoloni. Siku hizi unabandika QR, ile alama ya vimraba inayosomwa na kamera, kwenye drili, fundi anapiga picha kwa simu, inaingia kwenye mfumo: nani, saa ngapi, mashine gani. Wachina ndio waliogundua QR kwa ajili ya malipo, viwanda vikafuata. Naweza kumtengenezea mleta uzi mfumo wiki moja.

#12 Kaizen_Moro
Marekebisho kidogo mdau namba 11. QR ni ya Kijapani, kampuni ya Denso Wave, mwaka 1994, na ilitengenezwa kwa kazi hiihii ya kufuatilia vipuri vya magari kiwandani. Msimbopau wa mistari ulikuwa unabeba herufi chache, wafanyakazi wakawa wanaskani lebo nyingi kwa boksi moja. Malipo ya simu yalikuja miaka mingi baadaye.

Ukichapisha QR ya kiwandani chagua kiwango cha juu cha kujirekebisha, kile cha H. Kinasomeka hata kama karibu asilimia 30 ya alama imechafuka. Kwa mikono ya grisi hicho ndicho cha kutumia.

Lakini kabla ya QR au shaba, fanyeni usafi wa mpangilio. Nilipata mafunzo ya Kaizen, mbinu ya Kijapani ya kuboresha kazi kidogokidogo, ya Wizara ya Viwanda na JICA, shirika la misaada la Japani, zile S tano: Sasambua, Seti, Safisha, Sanifisha, Shikilia. Siku ya kusasambua kwetu tulikuta spana "zilizoibiwa" 11 nyuma ya mashine, ndani ya makabati, moja juu ya boriti. Kuna watu walishaandikiwa barua za onyo kwa zile spana, na barua hazikufutwa. Jambo hilo linaniuma mpaka leo.

#13 Mzee_Karakana
Marahaba kijana namba 11. Enzi ya mkoloni sikufanya kazi, nilizaliwa uhuru umeshapatikana. Na nakuuliza: simu ikiisha chaji saa nane usiku, drili inatolewa kwa kutumia kitu gani?

#14 Code_Kariakoo
Mzee hapo umenipata. Inabidi kuwe na daftari la akiba.

#15 Bin_Sohar
Assalaam aleikum. Niko Oman, Sohar, kiwanda cha vyuma. Sisi tunatumia vibandiko vya redio (RFID), fundi akipita mlango wa karakana kisomaji cha ukutani kinasoma vifaa vyote alivyobeba bila kuonyesha. Ni kitu kizuri lakini msidanganyike na wauzaji. Kibandiko cha kawaida ukikibandika kwenye chuma hakisomeki, chuma kinavuruga mawimbi. Lazima ununue vya kubandika kwenye chuma, na bei yake ni mara nyingi ya vile vya karatasi. Maji nayo yanazuia. Fundi akiweka kifaa katikati ya madumu mawili ya maji kinaweza kupita kimya. Miezi mitatu ya mwanzo mlango wetu ulikuwa unasoma hata vifaa vilivyotundikwa upande wa pili wa ukuta, leja ikaonyesha vimetoka wakati havijasogea.

#16 Spana17
Sasa si waweke ile ya setilaiti kama ya pikipiki, uone drili imelala Buguruni kwa nani?

#17 Bin_Sohar
Hicho ni kifaa kingine ndugu yangu. Cha setilaiti kinataka betri, laini ya simu na kiione anga. Chini ya paa la mabati kinapotea. Kibandiko cha redio hakina betri, kinaamshwa na kisomaji kikiwa mita chache. Nje ya hapo ni kama kipande cha plastiki tu.

#18 Wakili_wa_Zamu
Nimechelewa, nilikuwa barazani. Mleta uzi na wenzako someni hapa kwa makini.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 28. Mwajiri hawezi kukata mshahara kwa hasara kwa sababu tu mali haionekani na wewe ndiye wa stoo. Hasara iwe imetokea kazini na kwa kosa la mfanyakazi. Akueleze kwa maandishi chanzo, kiasi na jinsi alivyokokotoa. Akupe nafasi ya kutosha ya kupinga. Deni lisizidi hasara halisi. Na makato yote ya namna hiyo yasizidi robo ya mshahara wako wa fedha.

"Gawanya kwa tatu" haitaji kosa la nani. Ombeni ule mchanganuo kwa maandishi, kwa adabu. Akikata bila hayo, njia ni Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. MamaNelly alisema vizuri, msisaini.

#19 Leja_ya_Vingunguti
Wakili Mungu akubariki. Tumeandika barua leo, tumesaini watatu, nakala tunayo.

#20 AthiRiver_Stores
Wasee, niko Kenya, Athi River. Kuhusu paleti 64: angalieni lori. Paleti inatoka na mzigo wa mteja, delivari inasema ndoo 600, haisemi paleti 6. Kwa karatasi paleti haikutoka, kwa hivyo haiwezi rudi. Hata muuzaji wa soda wa mtaani hukushikia pesa ya kreti mpaka urudishe. Sisi tuliongeza mstari mmoja kwa hati ya geti, "paleti zimetoka / zimerudi", na dereva anasaini. Tulikuwa tunanunua paleti kila mwezi, siku hizi inapita miezi kadhaa.

#21 Spana17
Dereva wa Kenya anasaini, dereva wa huku anakwambia niandikie yoyote 😂

#22 AthiRiver_Stores
Wa kwetu pia alikataa mwanzo. Akakaa getini muda wa saa mbili na lori limejaa, akapata kalamu.

#23 Leja_ya_Vingunguti
Wakuu nimerudi na vipimo. Niliazima mizani ya meza maabara.

Ndoo 50: wastani gramu 837. Kadi 820. Zidio la gramu 17 kwa ndoo 22,000 ni kilo 374.

Nikaona pia kitu ambacho hatukuwahi kukiwaza. Tukibadilisha rangi, mashine inasafishwa kwa kutema plastiki mpaka rangi mpya ije safi. Yale mabonge yanatupwa kwenye pipa moja na taka za kawaida, hayapimwi. Nilikaa nayo wiki nzima, mashine zote 11: kilo 58. Kwa mwezi ni kama 255.

940 toa 374 toa 255, zinabaki 311. Nilipomwonyesha meneja uzalishaji alikaa kimya, akaniambia nimwachie karatasi.

#24 FundiMoldi
Safi sana. Hilo bonge nilitaka kulisema nikasahau. Na hayo mabonge yakikatwakatwa yanasagika, mnatupa hela.

#25 Spana17
Pipa la taka! Nilisema namba 2 pipa la taka!

#26 Kaizen_Moro
Ulisema lina wizi, Spana. Lina mabonge.

#27 Spana17
Yote yanaweza kuwa kweli. Nani anayachukua yale mabonge nje? Muulize mleta uzi kama kuna mnunuzi wa plastiki chakavu nyuma ya kiwanda.

#28 Leja_ya_Vingunguti
Yupo. Anakuja Jumamosi.

#29 Mizani_Mbeya
Nimesoma uzi wote. Nina shaka na 311 iliyobaki, nazungumzia mizani. Mleta uzi, malighafi mnatoa kwa kuhesabu mifuko, sivyo? Kwa hiyo mmeamini kila mfuko una kilo 25. Kilo 311 kwa mifuko 1,536 ni gramu 200 kila mfuko. Mfuko wa kilo 24.8 hakuna mtu atakayeusikia begani. Na yale mabovu 1,310, mlipima kwa mizani ipi?

#30 Leja_ya_Vingunguti
Ya sakafuni, ya kilo 1,500, inasoma kila nusu kilo. Ina stika ya Wakala wa Vipimo ya mwaka huu. Mabovu yanaletwa kidogokidogo, kilo 6, kilo 8.

#31 Mizani_Mbeya
Hapo hapo. Stika inasema mizani ni nzima ikitumiwa inavyotakiwa. Mizani ya daraja hilo haitakiwi kupima chini ya vigawio 20, kigawio ni ile hatua ndogo kabisa inayosoma. Kigawio chako ni nusu kilo, kwa hiyo chini ya kilo 10 usipime kabisa. Ukipima kilo 6 inaweza kukosea robo kilo kila mara. Hesabu ni mara ngapi kwa mwezi. Kusanyeni mabovu mpaka yafike kilo 100 ndipo mpime.

Kwa mifuko, pima paleti nzima yenye mifuko 40, ukishaitoa mifuko pima paleti yenyewe. Usitumie uzito wa paleti wa kukariri. Mbao ikinyeshewa inaongeza kilo kadhaa. Ukikosea kilo 5 za paleti, umeshakosea gramu 125 kwa kila mfuko.

#32 Mchambuzi_Huru
Kwa hiyo unyevu upo, ila uko kwenye mbao 🙂

#33 Umeme_Jumla
Samahani natoka nje kidogo ya mada. Mnahangaika na mifuko, nani anafuatilia hewa ya kompresa? Kiwanda kisichotunzwa kinaweza kuvujisha asilimia 20 hadi 30 ya hewa yote inayosukumwa, na hewa hiyo ni umeme wa TANESCO. Jumapili mashine zikiwa zimezimwa, washa kompresa peke yake usikilize. Ikiwa inasukuma hewa, inapumzika, inasukuma tena wakati hakuna anayetumia hewa, hiyo ni mivujo tu. Sisi tulipita na ndoo ya maji ya sabuni, tukafunga alama kwa kitambaa chekundu. Vitambaa viliisha kabla ya mivujo.

#34 FundiMoldi
Hoja nzito hiyo mkuu, fungulia uzi wake. Hewa hawamkati mtu mshahara, ndiyo maana hakuna anayeitafuta.

#35 MamaNelly
Mleta uzi, na drili? Kuna habari?

#36 Leja_ya_Vingunguti
Moja imepatikana. Ilitoka Juni na fundi wa nje aliyechukua moldi ya beseni kwenda kuichonga mtaa wa Gerezani. Moldi ilirudi, drili haikurudi, na hati ya getini iliandikwa "moldi na vifaa". Vifaa gani, haikusema. Amekiri, ameileta. Drili mbili na spana za torki bado.

Mzee wangu Karakana, tumechora ubao. Vipande vya shaba hatukupata, tumekata bati tukagonga namba. Wa umeme wamekubali, wa moldi wanasema wanafanywa kama watoto wa shule.

#37 Mzee_Karakana
Na sisi tulisema hivyo hivyo. Msimamizi wetu alianza kwa kutundika kipande chake mwenyewe kila alipochukua kifaa. Mwombe meneja achukue namba 1.

#38 Leja_ya_Vingunguti
Majibu ya mifuko. Nimepima paleti 6, mifuko 240, kila paleti nikaipima tupu baadaye. Wastani kilo 24.87. Gramu 130 pungufu kwa mifuko 1,536 ni kilo 200. Kwa hiyo katika 311 zimebaki 111.

#39 Spana17
Kilo 111 ni mifuko minne na nusu. Mfuko mmoja kila wiki. Kila Jumamosi, siku anayokuja mnunuzi wa chakavu. Sina la kuongeza.

#40 Mizani_Mbeya
Usikimbilie. Leja, hiyo 24.87 ni pamoja na mfuko wenyewe au plastiki tupu?

#41 Leja_ya_Vingunguti
Pamoja na mfuko. Nimepima mifuko mitupu 20 sasa hivi kwa mizani ya meza. Gramu 100 kila mmoja.

#42 Mizani_Mbeya
Basi ndani mna kilo 24.77. Upungufu ni gramu 230, mara 1,536 ni kilo 353. Ulikuwa unatafuta 311. Umepata zaidi ya kilichopotea.

#43 Spana17
Haiwezekani kupata zaidi ya kilichopotea. Kuna mtu anakosea hesabu.

#44 FundiMoldi
Au mifuko ya mwezi huu si ya muuzaji wa Julai. Au wiki ya mabonge aliyopima ilikuwa na rangi nyingi kuliko kawaida. Au yale mabovu ya kilo sita sita.

#45 Wakili_wa_Zamu
Kwa upande wangu imetosha. Mchanganuo wa bosi ulisema 940. Leo hakuna anayeweza kusimama na namba hiyo. Mmejibiwa barua?

#46 Leja_ya_Vingunguti
Tumejibiwa jana. Makato ya Agosti yamesimamishwa "hadi uchunguzi ukamilike". Hawajasema yamefutwa. Muuzaji wa malighafi ameandikiwa, anasema mizani yake iko sawa.

#47 Pamba_ya_Shinyanga
Mimi nina swali dogo. Umepima ndoo. Mabeseni na viti je? Hiyo ni nusu ya uzalishaji na mnaendelea kuamini kadi.

#48 Leja_ya_Vingunguti
Viti bado. Mizani ya meza inaishia kilo 2, kiti kinazidi. Kesho naenda kuulizia nyingine maabara.